Set (neno la Kiingereza)

Set ni neno la lugha ya Kiingereza lenye herufi tatu na silabi moja, linalojulikana hasa kwa wingi wa maana zake. Linaweza kutumika kama kitenzi, nomino au kivumishi bila kubadilika umbo. Katika toleo la pili la kamusi ya *Oxford English Dictionary*, lililochapishwa mwaka 1989, kitenzi hicho kilipewa maana zipatazo 430. Zikiongezwa nahau na vitenzi vinavyoundwa kwa kukiunganisha na maneno kama "up", "off" na "aside", jumla ilifika takriban 580. Maelezo yake yalihitaji maneno karibu 60,000, na kwa sababu hiyo lilikuwa ingizo refu kuliko yote katika kamusi hiyo.

Kiswahili kimelipokea neno hilo kwa umbo la *seti*, lakini kimechukua sehemu ndogo tu ya maana zake. Nyingine zote hutafsiriwa kwa maneno tofauti kabisa, kama vile kuweka, kutega, kuzama, kuganda, kutunga, kutenga na kutengua. Kwa mwanafunzi au mfasiri, kuchagua neno lisilofaa kati ya hayo kunaweza kugeuza maana ya sentensi nzima.

## Asili ya neno

### Kitenzi

Kitenzi "set" kinatokana na Kiingereza cha Kale *settan*, ambacho maana yake ilikuwa kuketisha au kuweka kitu mahali pake. Lugha nyingine za Kigermanik zina ndugu zake: Kijerumani *setzen*, Kiholanzi *zetten* na Kiswidi *sätta*. Zote zinarudi kwenye mzizi wa Kihindi-Kiulaya *sed-*, yaani "kukaa". Mzizi huo ndio uliozaa pia kitenzi cha Kilatini *sedere*, na unaonekana katika jina la maandiko ya Kihindu yaitwayo Upanishad, linaloeleza tendo la kukaa karibu, yaani karibu na mwalimu.

Uhusiano kati ya "sit" na "set" ni rahisi kuelewa kwa msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa unafanana na kauli ya kutendesha. Hapo zamani lugha za Kigermanik ziliunda vitenzi vya kusababisha kwa kuongeza kiambishi kwenye mzizi. Kiambishi chenyewe kimepotea, lakini kimeacha alama kwenye irabu:

* "sit" na "set": kuketi na kuketisha
* "lie" na "lay": kulala na kulaza
* "fall" na "fell": kuanguka na kuangusha (kwa mfano mti)
* "drink" na "drench": kunywa na kunywesha

Jozi ya mwisho imesogea mbali na asili yake, kwani leo "drench" humaanisha hasa kulowesha kabisa. Hata hivyo wafugaji na madaktari wa mifugo bado hulitumia kwa maana ya kumnywesha mnyama dawa.

Kwa hiyo maana ya msingi ya "set" ni kukifanya kitu kikae. Maana nyingi za baadaye zinaweza kufuatiliwa hadi hapo: kukiweka kitu, kukiweka imara, kukiweka tayari, kukiweka kwenye kipimo fulani, au kitu chenyewe kutulia na kuwa kigumu.

### Nomino

Nomino "set" ina asili mbili zilizochanganyikana. Sehemu moja inatokana na kitenzi hicho hicho: kitu kilichowekwa, au namna kilivyokaa. Sehemu nyingine, yenye maana ya kundi la watu au vitu, ilitoka Kifaransa cha Kale *sette*, umbo lingine la *secte*, ambalo nalo lilitoka Kilatini *secta*, yaani kundi la wafuasi. Neno la Kiingereza "sect", linalomaanisha madhehebu, ni ndugu wa karibu wa "set" ya aina hii.

Kwa kuwa maneno hayo mawili yaliandikwa na kutamkwa sawa, wasemaji waliyachukua kuwa neno moja. Wanaisimu hutofautisha hali mbili hizo. Neno moja likipanuka na kupata maana nyingi zinazohusiana, hali hiyo huitwa polisemia. Maneno yenye asili tofauti yakifanana kwa bahati, huitwa homonimia. Katika Kiswahili, *piga* ni mfano wa polisemia (piga simu, piga picha, piga pasi, piga kura, piga magoti), ilhali *paa* la nyumba na *paa* mnyama ni mfano wa homonimia. "Set" ina hali zote mbili kwa pamoja.

## Sarufi

"Set" ni kati ya vitenzi vichache vya Kiingereza visivyobadilika katika wakati uliopita. Umbo la sasa, la wakati uliopita na la hali timilifu ni lile lile. Sentensi "they set the table" inaweza kumaanisha "huandaa meza" au "waliandaa meza", na msomaji hutegemea muktadha peke yake. Nafsi ya tatu umoja ndiyo inayoonyesha tofauti: "she sets" ni wakati uliopo, na "she set" ni wakati uliopita.

Kitenzi hicho hutumika pamoja na yambwa (mtu anaweka kitu) na bila yambwa (kitu chenyewe kinatulia, kinazama au kinaganda). Katika baadhi ya lahaja za Kiingereza, watu husema "set" mahali ambapo Kiingereza sanifu kinadai "sit".

## Maana kuu za kitenzi

### Kuweka na kuandaa

Maana ya zamani zaidi ni kuweka kitu mahali, kama kuweka kikombe mezani. Kutoka hapo zimetokea maana za kuandaa: kuandaa meza kwa chakula, kutega mtego, kutegesha saa ya kengele, na kupachika kito kwenye pete. Katika uchapaji, "set" ilimaanisha kupanga herufi za risasi moja moja hadi ukurasa ukamilike. Kazi hiyo imehamia kwenye kompyuta, lakini jina lake limebaki katika neno "typesetting".

Katika tiba, kitenzi hicho humaanisha kurudisha mfupa uliovunjika mahali pake ili uunge vizuri.

### Kuamua na kupanga

Mtu anaweza ku-"set" tarehe, bei, sheria, lengo, mpaka au rekodi. Kiswahili hutumia vitenzi tofauti kwa kila jambo: kupanga tarehe na bei, kuweka sheria, lengo, mpaka na rekodi. Mwalimu naye "sets" mtihani, yaani anautunga. Hadithi au filamu ikiwa "set" mahali fulani, maana yake ni kwamba matukio yake yanatokea hapo, hata kama ilitungwa au ilipigwa picha kwingine.

### Kuzama

Jua, mwezi na nyota "set" zinaposhuka chini ya upeo wa macho, na kutoka hapo limekuja neno "sunset". Kiswahili husema jua linazama, linatua au linachwa, na wakati huo huitwa machweo. Ni vyema kukumbuka kwamba neno *magharibi*, lililotoka Kiarabu, nalo lina asili katika wazo la kuzama kwa jua.

### Kuganda na kushika

Vitu vyororo au vya majimaji "set" vinapokuwa vigumu: jeli, gundi, plasta na zege. Katika ujenzi maana hii ina uzito wa pekee, kwa sababu kuganda kwa saruji si sawa na kukomaa kwake. Kuganda ni kipindi cha kwanza, ambapo mchanganyiko wa saruji na maji huacha kuwa laini na hauwezi tena kufinyangwa. Kukomaa ni kuongezeka kwa nguvu kunakoendelea kwa siku na wiki kadhaa baadaye. Kwa kawaida nguvu ya zege hupimwa baada ya siku 28.

Kiwango cha Ulaya cha saruji, EN 197-1, kinadai kwamba kuganda kusianze kabla ya dakika 75 kwa saruji ya daraja 32.5, dakika 60 kwa daraja 42.5 na dakika 45 kwa daraja 52.5. Muda huo ndio unaowapa mafundi nafasi ya kusafirisha, kumwaga na kushindilia zege. Anayetafsiri maelekezo ya mfuko wa saruji na kuandika "likikauka" badala ya "likiganda" anapotosha jambo la kitaalamu, kwa kuwa zege haligandi kwa kukauka. Linaganda kwa mmenyuko wa kikemia kati ya saruji na maji, nalo linahitaji kumwagiliwa ili lisikauke mapema.

### Kilimo na uwindaji

Mimea "sets" matunda pale ua lililochavushwa linapoanza kuwa tunda. Vitunguu vidogo vinavyopandwa badala ya mbegu huitwa "onion sets". Mbwa wa uwindaji wa aina ya "setter" walipata jina lao kwa tabia ya kujibanza na kutulia wanapomgundua ndege, ili mwindaji ajue alipo.

## Maana kuu za nomino

### Hisabati

Katika hisabati, seti ni mkusanyiko wa vitu vinavyotambulika wazi, ambavyo huitwa memba au elementi zake. Nadharia ya seti ilianzishwa na Mjerumani Georg Cantor (1845–1918), hasa kuanzia makala yake ya mwaka 1874. Yeye aliandika kwa Kijerumani na kutumia neno *Menge*. Kiingereza hakikuwa na tafsiri moja tangu mwanzo: Philip Jourdain, aliyetafsiri kazi ya Cantor mwaka 1915, alichagua "aggregate". Baadaye "set" ndilo lililoshinda.

Miaka ya 1960 mada ya seti iliingia katika shule za nchi nyingi kupitia mageuzi yaliyoitwa Hisabati Mpya. Afrika nayo ilikuwa na mradi wake, ambao warsha zake zilianza Entebbe, Uganda, mwaka 1962 na kutoa mfululizo wa vitabu vilivyojulikana kwa jina la mji huo.

### Michezo

Katika tenisi na voliboli, seti ni sehemu ya mechi. Seti ya voliboli hufika pointi 25, ila ya tano ambayo hufika 15, na mshindi lazima awe mbele kwa pointi mbili.

Katika tenisi, mchezaji huhitaji kushinda angalau michezo sita ili kupata seti. Zamani seti ya mwisho ya mashindano ya Wimbledon haikuwa na kikomo. Mwaka 2010 John Isner wa Marekani alimshinda Nicolas Mahut wa Ufaransa kwa 70–68 katika seti ya tano. Mechi yote ilichukua saa 11 na dakika 5 katika siku tatu, na seti hiyo peke yake saa 8 na dakika 11. Wimbledon iliweka kikomo kwa seti ya mwisho mwaka 2019.

Katika mazoezi ya viungo, "set" ni awamu moja ya marudio, kwa mfano awamu tatu za marudio kumi.

Katika riadha, "set" ni amri ya pili kwa wakimbiaji wa mbio fupi, baada ya kuambiwa washike nafasi zao. Mkimbiaji anapaswa kutulia kabisa hadi mlio wa bastola. Tangu mwaka 2010 anayetoka mapema anaondolewa mara moja. Usain Bolt wa Jamaika aliondolewa hivyo katika fainali ya mita 100 ya Mashindano ya Dunia mjini Daegu, Korea Kusini, mwaka 2011.

### Sanaa na utangazaji

Katika tamthilia na filamu, "set" ni mandhari iliyojengwa kwa ajili ya onyesho, na pia mahali pa kurekodia. Katika muziki ni mfululizo wa nyimbo zinazopigwa bila mapumziko.

Redio na televisheni ziliitwa "set" kwa sababu ziliundwa kwa vipande vingi vilivyokusanywa kufanya kazi pamoja. Kifaa cha kupokea matangazo kilichowekwa juu ya televisheni kikaitwa "set-top box". Afrika Mashariki ilipohama kutoka matangazo ya analogia kwenda dijitali, Tanzania ikianza kuzima mitambo ya analogia jijini Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2012 na Kenya mwaka 2015, kifaa hicho kilihitajika majumbani. Kiswahili hakikutafsiri jina la Kiingereza. Kilitumia *king'amuzi*, kutokana na kitenzi *kung'amua*, na hivyo kukitaja kifaa kwa kazi yake badala ya mahali kinapokaa.

### Makundi ya watu

"Set" inaweza kumaanisha kundi la watu wenye maisha au mambo yanayofanana. "Jet set" ni matajiri wanaosafiri mara kwa mara kwa ndege kwa ajili ya starehe.

## Kivumishi

Kama kivumishi, "set" hueleza kitu kilichopangwa au kisichobadilika: bei maalumu, saa maalumu, au msemo usiobadilika maneno yake. "Set books" ni vitabu vilivyochaguliwa kwa ajili ya mtihani wa fasihi, ambavyo kwa Kiswahili huitwa vitabu teule.

"All set" humaanisha "tayari kabisa". Nchini Marekani hutumika pia kukataa kwa adabu. Mhudumu wa mgahawa akimuuliza mteja kama yuko "all set", anataka kujua kama ametosheka au bado anahitaji kitu, na mteja akijibu "I'm all set" anasema kwamba hahitaji zaidi. Mgeni anayelifahamu neno kwa maana ya "tayari" pekee anaweza kudhani kwamba anaulizwa kama yuko tayari kuagiza.

## Pamoja na maneno mengine

Sehemu kubwa ya maana za "set" hutokea kinapofuatwa na neno dogo. Mara nyingi maana ya jumla haiwezi kukisiwa kutokana na sehemu zake.

* Set up: kuanzisha (kampuni), kusimika (hema), kuandaa (kifaa), au kumtegea mtu ili aonekane ana hatia.
* Set off: kuanza safari, kulipua (bomu), kuamsha (kengele), au kupunguza deni moja kwa kulinganisha na lingine.
* Set out: kuanza safari, kueleza kwa mpangilio, au kukusudia.
* Set in: kuanza na kuelekea kudumu, kama mvua, baridi au maambukizi.
* Set back: kurudisha nyuma au kuchelewesha.
* Set down: kuandika, kutua mzigo, au kuteremsha abiria.
* Set on: kushambulia, lakini "set on fire" ni kuchoma moto.
* Set aside: kuweka kando, kutenga, au kutengua.

## Maneno yaliyoundwa kutokana nalo

"Set" imo ndani ya maneno mengi ya Kiingereza: "onset" na "outset" (mwanzo), "setback" (kikwazo), "mindset" (mtazamo), "offset" (kufidia), "reset" (kuweka upya), "setting" (mpangilio au mandhari) na "subset" (seti ndogo).

"Upset" imegeuka kinyume. Zamani ilimaanisha kuinua na kusimamisha. Baadaye ikawa kupindua, na kisha kumvuruga mtu moyoni. Katika michezo ni ushindi wa yule asiyetarajiwa. Kuna masimulizi yaliyoenea kwamba maana hii ilianza mwaka 1919 nchini Marekani, farasi aliyeitwa Upset alipomshinda farasi maarufu Man o' War. Masimulizi hayo si sahihi, kwa kuwa magazeti yalikuwa yakilitumia neno kwa maana hiyo tangu karne ya 19.

Maneno mengine yana herufi hizo bila kuwa na undugu. "Asset", yaani mali au rasilimali, linatoka Kifaransa cha Kale *asez*, "ya kutosha": yalikuwa mali ya kutosha kulipa madeni ya marehemu. "Closet" na "corset" yana kiambishi cha Kifaransa *-et* cha kudunisha ukubwa.

## Sababu za wingi wa maana

Mwanaisimu Mmarekani George Kingsley Zipf (1902–1950) alionyesha mwaka 1945 kwamba maneno yanayotumika mara nyingi huwa pia na maana nyingi zaidi. Neno fupi na la kawaida hutumika katika mazingira mapya kwa urahisi, na kila mazingira yanaweza kuacha maana mpya nyuma yake.

Kwa "set" kuna sababu nyingine tatu. Kwanza, maana yake ya msingi ni pana: karibu kila kitu kinaweza kuwekwa mahali au katika hali fulani. Pili, Kiingereza kimepoteza viambishi vyake vingi, hivyo kitenzi kinaweza kugeuka nomino bila alama yoyote. Kiswahili huonyesha tofauti hiyo kwa viambishi: *weka*, *wekwa*, *wekeza*, *wekea*, *mweko*. Kazi inayofanywa na viambishi katika Kiswahili, katika Kiingereza hufanywa mara nyingi na neno dogo linalofuata au na muktadha. Tatu, neno la Kifaransa lilijiunga nalo na kuongeza maana za kundi.

## Hesabu za kamusi

*Oxford English Dictionary* ilianza kutolewa kwa sehemu mwaka 1884 chini ya uhariri wa James Murray, na toleo la kwanza lilikamilika mwaka 1928. Iliandaliwa kwa msaada wa watu wengi waliojitolea kusoma vitabu na kunakili kwenye vikaratasi sentensi zenye maneno yaliyohitajika. Toleo hilo lilikuwa na mifano zaidi ya milioni 1.8. Wahariri walipanga vikaratasi hivyo kwa mafungu, na kila fungu likawa maana moja.

Kutokana na toleo la mwaka 1989, "set" ilitajwa kwa miaka mingi kuwa neno lenye maana nyingi kuliko yote katika Kiingereza. Marekebisho ya toleo la tatu, yaliyoanza kutolewa kwenye intaneti mwaka 2000 kuanzia herufi M, yalibadilisha hali hiyo. Ingizo la "make" lilichukua nafasi ya kwanza mwaka 2000, likafuatwa na "put" mwaka 2007, kisha "run" mwaka 2011 likiwa na maana 645.

Hesabu hizo hazilinganishwi kwa usawa, kwa sababu zilitoka katika matoleo tofauti. Isitoshe, idadi ya maana hutegemea uamuzi wa wahariri. Mmoja anaweza kuona kuweka kikombe mezani na kuweka mguu ardhini kuwa maana moja, na mwingine akaziona kuwa mbili. Kamusi za wanafunzi huorodhesha maana chache zaidi za "set" kwa kuunganisha zile zinazokaribiana.

## Seti katika Kiswahili

Nomino *seti* imezoeleka kwa vitu vinavyokwenda pamoja: seti ya vikombe, seti ya sufuria, seti ya makochi. Hutumika pia katika hisabati na michezo. Kitenzi *kuseti* husikika zaidi katika mazungumzo, kama kuseti saa au simu, na katika saluni kuseti nywele.

Kama ilivyo kwa maneno mengi ya mkopo, Kiswahili kiliongeza irabu mwishoni ili kufuata muundo wa silabi zake. Kiliazima neno pale lilipotaja jambo jipya, na kuacha maana ambazo tayari zilikuwa na maneno yake.

## Ugumu wa tafsiri

Mfano mzuri wa athari za wingi wa maana ni "set aside". Katika bajeti, kiasi kilicho "set aside" ni fedha zilizotengwa, yaani zilizohifadhiwa kwa matumizi maalumu. Katika lugha ya mahakama, hukumu iliyo "set aside" imetenguliwa, yaani imeondolewa nguvu. *Kutenga* na *kutengua* ni maneno yanayofanana kwa sauti, lakini katika muktadha huu yanaelekea pande mbili: moja hulinda kitu, jingine hukibatilisha. Mtu anayesomewa kwamba hukumu dhidi yake "imewekwa kando" anaweza kudhani imeahirishwa tu, kumbe imefutwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa "set off". Katika habari ya usalama, kulipua na kuanza safari ni mambo mawili mbali kabisa. Katika hesabu za biashara, neno hilo hilo huhusu kupunguziana madeni.

Programu za kutafsiri zilisumbuliwa na tatizo hili tangu mwanzo. Mwaka 1960 mwanafalsafa Yehoshua Bar-Hillel alitoa hoja kwamba kompyuta haiwezi kutafsiri kikamilifu bila ujuzi wa mambo ya dunia. Mfano wake ulikuwa neno "pen", linaloweza kumaanisha kalamu au kizimba cha kuchezea mtoto. Msomaji hutambua maana kwa kujua kwamba sanduku haliwezi kukaa ndani ya kalamu. Programu za kisasa huchagua maana kwa kuangalia maneno yanayozunguka, hivyo neno likisimama peke yake, kama kwenye kitufe cha simu au kichwa cha jedwali, uwezekano wa kukosea huongezeka.

Kwa sababu hiyo, njia salama kwa mwanafunzi si kukariri orodha ya maana, bali kuuliza maswali matatu: je, neno ni kitenzi, nomino au kivumishi? Ni neno gani dogo linalolifuata? Na habari inahusu uwanja gani, kama vile sheria, ujenzi, tiba au michezo? Majibu ya maswali hayo huondoa maana nyingi zisizohusika kabla ya kufungua kamusi.

## Maneno mengine yanayofanana

* Set (pia Seth) ni mungu wa Misri ya Kale aliyehusishwa na jangwa, dhoruba na vurugu. Jina hilo ni la Kimisri na halina uhusiano na neno la Kiingereza.
* Sethi ni mwana wa Adamu na Hawa katika Biblia. Jina lake ni la Kiebrania.
* Sett, kwa "t" mbili, ni tahajia ya Kiingereza inayotumika kwa shimo la melesi wa Ulaya, kwa jiwe lililochongwa la kutandazia barabara, na kwa mpangilio wa mistari ya kitambaa cha Kiskoti.

## Tazama pia

* Polisemia
* Homonimia
* Kauli ya kutendesha
* Nadharia ya seti
* Kamusi